Re: Likizo ya Juni, mafunzo bila nauli na zana za KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu)

Habari za leo, ticha. Kama nimekuelewa, unafundisha darasa la pili, unataka kutumia likizo ya Juni kujinoa, nauli ya kwenda semina mjini huna, na darasani zana hakuna.

Kabla ya kusaka semina, muulize mwalimu mkuu kuhusu MEWAKA pale shuleni. Ni mafunzo endelevu ya walimu kazini: mnakutana shuleni, mnakutana kituo cha walimu cha kata, na mengine unasoma mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Hayo ya mtandaoni ndiyo ya likizo. Mimi nilikwama kwenye kuingia wiki nzima, kumbe nywila niliikosea mwenyewe. Soma usiku, bando linaenda vizuri.

Vitabu usinunue kwanza. Maktaba Mtandao ya TET ina vya kiada, unasoma bure kwa simu.

Zana sasa. Okota vizibo vya soda dukani, nilikusanya kama mia mbili. Osha, anika, andika silabi kwa maka peni upande wa ndani, maana upande wa juu wino unafutika kwa jasho la vidole. Ba, be, bi, bo, bu. Watoto wanapanga "baba", "bibi", halafu wanaanza kubuni ya kwao. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

Sekondari sijawahi kufundisha, walioko huko waongezee.