Gunia hilo usilifungue, mkuu

Mkuu uliyeandika hapa kutoka Nkuhungu, Dodoma, umeuliza mambo manne: chakula gani cha bei nafuu kinawafaa mbwa wawili, ukichanganye vipi, mtoto wa miezi miwili ale mara ngapi, na kama mifupa ya kuku ina shida. Katikati ya maelezo umepitisha kama jambo dogo kwamba mwenye mashine amekupunguzia bei ya gunia la pumba za mahindi, "zililowa kidogo lakini zimeanikwa zikakauka". Mimi nimekwama hapo. Hilo gunia usilifungue.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechanganya, nilinunua gunia la namna hiyohiyo mashineni huku Kizota. Bati lilivuja, magunia ya chini yakalowa. Yule bwana akazimwaga pumba juu ya turubai, akazianika siku mbili, akaniuzia nusu ya bei. Nilipoulizia usalama wake akanijibu bila kusita: "Mbwa ni mbwa, kaka. Chemsha sana, kila kitu kinakufa." Nikamwamini, maana ni mtu anayeshinda na mahindi kutoka asubuhi mpaka jioni.

Kuvu ndiyo inayokufa kwa moto. Sumu iliyokwisha kuitoa haifi. Sumukuvu inastahimili moto wa jikoni, utachochea kuni mpaka ziishe na itabaki humo humo. Jua nalo linaondoa maji tu. Tena pumba ni mbaya kuliko unga wenyewe, kwa sababu mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu inaondoka na ganda na kiini. Sembe inatoka nyeupe, mbwa anabakiziwa sumu. Na sisi wa kanda hii tusingehitaji kufundishwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Chemba, Kondoa na Kiteto, ikitoka kwenye mahindi ya nyumbani: waliugua 68, wakafariki 20. Watu hao! Sasa mbwa wa kilo 15, ambaye kila siku anakula sufuria ileile bila kubadilishiwa?

Nilikuwa na watatu, Simba, Bobi na Tabu. Wiki tatu za mwanzo walikula vizuri. Kisha Simba akaanza kunusa sahani na kuondoka. Nikasema anaringa, amezoea supu ya utumbo. Nikachemsha dagaa, nikammwagia mchuzi juu ya zile pumba ili zinukie. Akala. Yule mnyama alikuwa anaikataa sumu, mimi nikamwekea mboga. Hela nimeshazisahau, hilo sijalisahau.

Alipoanza kutapika nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakumwona mbwa, hakuuliza anakula nini, akasema "hiyo minyoo", akanifungia vidonge. Siku nne zikaenda hivyo, na kila jioni mimi napika pumba zilezile. Huyu nina hasira naye kuliko hata wa mashine. Kama hujui, sema hujui, mwelekeze mtu kwa daktari! Siku ya tano Bobi naye akalala chini, mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, fizi njano kama bizari. Nikaanza kuhisi wezi wamewatupia kitu usiku.

Daktari wa mifugo alipofika alifunua mdomo wa Simba, akavuta kope, akasema, "Nionyeshe wanachokula." Akazamisha mkono mpaka chini ya gunia, akatoka na bonge limeshikana, ndani lina ukungu wa kijani. Alichukua damu pia, maana magonjwa ya kupe nayo huleta manjano, lakini akasema chakula hicho kikome leo leo, ini limeshaumia. Simba alikufa usiku ule. Bobi alikwenda siku mbili baadaye akiwa na dripu. Aliyepona ni Tabu, na alipona kwa tabia niliyokuwa namfungia mnyororo: kutoroka kwenda kula makombo kwa mama lishe. Kwenye gunia niliokoa Sh 12,000. Matibabu yakanitoa Sh 180,000, na makaburi mawili nyuma ya nyumba.

Nilirudi mashineni. Yule bwana akaniuliza mbona wengine hawajalalamika. Watalalamikaje? Mbwa wao akifa wanasema amelishwa sumu na wezi, au ni kupe, au ni husuda ya jirani. Na nawajua wanaokuja hapa kusema mbwa wa babu alikula pumba miaka kumi. Babu alitwanga mahindi yake mwenyewe, akijua yamekauka lini na yamelala wapi. Wewe unajua la kwako lililala wapi?

Kwa hiyo shika hili: nafaka iliyowahi kulowa, hata mara moja, hata ikikauka mpaka inalia mkononi, haiingii kwenye sufuria ya mbwa. Usipime kwa macho wala pua, sumu yenyewe haionekani na hainuki. Uliza historia yake. Muuzaji akibabaika, ondoka. Karanga zilizochambuliwa zikatupwa pembeni, zile wanazouza kwa bei ya bure, nazo ni hivyo hivyo.

Mimi siku hizi natumia chenga za mchele, au sembe kidogo ninayoinunua palepale ninaponunua yetu. Naongeza mapafu na utumbo kutoka kwa wachinjaji, nachemsha mpaka viive hadi ndani, maana yale malengelenge ya maji kwenye mapafu na maini ni ya tegu, na mbwa akiyala mabichi ugonjwa unarudi kwa watoto wako. Mchicha, dagaa walioshwa mchanga, basi. Kitunguu hapana. Zabibu hapana kabisa, hata msimu zikiwa zimejaa kila kona ya Dodoma, zinaua figo za mbwa. Lakini hayo yote ni bure kama chini ya sufuria kuna pumba zilizolowa.

Gunia hilo usimpe jirani wa kuku, wala mwenye ng'ombe wa maziwa, sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Chimba shimo ulifukie. Na kama umeshawapikia, hata mara moja, watoe nje sasa hivi kwenye mwanga, funua midomo yao uangalie fizi. Zikiwa na unjano, duka la dawa lipite, mpigie daktari wa mifugo. Kisha rudi hapa uniambie umeona rangi gani.