Maswali ya Wasomaji: Walichezaje tamthilia mabomu yakianguka?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mimi niko hapa Mbale, tuna kikundi chetu cha maigizo watu tisa, tunazunguka Tororo, Kumi mpaka Soroti na taksi ya kukodi. Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya mchezo, nusu ya watu wakadai hela zao warudishiwe, sasa wenzangu wanasema tuache safari tubaki tu na kazi za harusi. Nimesikia eti Uingereza wakati wa vita ya Hitler vikundi vilikuwa vinazunguka miji midogo na mabomu yanaanguka. Ni kweli? Waliwezaje?

JIBU: Dada yangu pole sana, na ni kweli kabisa. Tarehe 3 Septemba 1939, siku ileile vita ilipotangazwa, serikali yao ilifunga kumbi zote za tamthilia na sinema maana waliogopa bomu moja liue mamia waliokaa pamoja. Hiyo hali unaijua, sisi pia tulifungiwa Machi 2020 mpaka Januari 2022. Wao walifunguliwa baada ya wiki chache tu, sehemu zilizoonekana salama zikatangulia. Halafu 1940 London ikaanza kupigwa usiku baada ya usiku, na hapo ndipo mikoa ikapata bahati yake, kwa sababu kundi kubwa la maigizo kama Old Vic lilihama kabisa mji mkuu likaenda kukaa Burnley, mji wa viwanda vya nguo huko Lancashire. Na Lancashire hiyo ndiyo wazee wetu wa Teso na Bugisu walihimizwa kulima pamba kwa ajili ya viwanda vyake, kwa hiyo siyo mbali na sisi kama unavyofikiri.

Lakini kitu kinachonigusa mimi ni Macbeth. Mwaka huo huo wa 1940 Sybil Thorndike, mwigizaji mkubwa kuliko wengi wa nchi ile, na mume wake Lewis Casson, walichukua huo mchezo wa Shakespeare wakaupeleka Wales vijijini kwa wachimba makaa ya mawe. Siyo kwenye kumbi za viti vya mahameli, hapana, ni kwenye kumbi za wachimba migodi wenyewe, vifaa vichache, waigizaji wachache. Hela ilitoka kwa baraza la kuhimiza muziki na sanaa linaloitwa CEMA, lilianza Januari 1940 na pauni 25,000 za mfuko mmoja wa hisani, serikali nayo ikaongezea, na 1946 likageuka Baraza la Sanaa la Uingereza. Yaani safari kama hizo zenu ndizo zilizolizaa.

Kuhusu mabomu, king'ora kikilia mtu alipanda jukwaani akatangaza, anayetaka kwenda handakini anaenda, anayebaki anabaki na mchezo unaendelea. Madirisha yalifunikwa meusi nje kusionekane mwanga, na michezo ilianzishwa mapema ili watu warudi nyumbani salama. Wengine walipoteza ukumbi wote, kule Bristol ukumbi wa Prince's uliteketea kwa mabomu Novemba 1940, ukabaki ule mkongwe wa 1766, na ulipowekwa sokoni 1942 watu wa mji wakachanga kuuokoa, 1943 ukafunguliwa tena. Vita bado inaendelea!

Mimi mwenyewe niliwahi kuona kikundi kidogo kwenye ukumbi wa shule pale Tororo, taa zikakatika, mama aliyekuwa anacheza mjane akanyamaza kidogo tu, akaendelea na maneno yake gizani kwa sauti ya chini, watu wakawasha tochi za simu mmoja mmoja mpaka uso wake ukaonekana una jasho na machozi. Hakuna aliyedai hela siku hiyo.

Kwa hiyo msiache safari tafadhali. Soroti anzeni saa tisa alasiri mwanga ukiwepo, kabla hamjaanza mmoja wenu asimame aseme wazi kwamba umeme ukienda mchezo hausimami, kisha wekeni taa mbili za sola pembeni ya jukwaa na punguzeni mizigo ibaki inayoingia taksi moja. Na nitumie tarehe, nitapanda basi nije niwaone.