Maswali ya Wasomaji: Sauti Inayochora Picha kwenye Osiloskopu ya Dijitali

SWALI: Mhariri, nina faili ya sauti iliyotungwa ili ichore picha kwenye osiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo), ambapo chaneli ya kushoto husogeza nukta kwa mlalo na ya kulia huisogeza kwa wima. Nimeunganisha kompyuta na osiloskopu yangu ya dijitali na kuchagua hali ya XY, ambayo chaneli moja huongoza mlalo na nyingine wima, lakini badala ya umbo safi naona mistari iliyorundikana, na mara nyingine kipande tu cha picha. Rafiki yangu anasema kazi hii huwezekana kwenye osiloskopu za zamani tu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, ingawa rafiki yako ana sababu ya kusema hivyo. Katika osiloskopu ya zamani mkondo wa elektroni hufuata sauti bila kusita, na fosfori, yaani utando unaong'aa ulio kwenye kioo, hung'aa pale ulipopita kisha ikafifia yenyewe. Osiloskopu ya dijitali haichori hivyo. Hujaza kwanza kumbukumbu yake kwa sampuli, yaani vipimo vya volti vinavyochukuliwa mfululizo, huacha kupokea kwa muda mfupi ili izichakate, ndipo huonyesha zote kwa pamoja. Kwa hiyo unachokiona hutegemea urefu wa muda ulionaswa kila mara: ukiwa mrefu mno, picha nyingi zinazofuatana hulundikwa pamoja, na ukiwa mfupi mno, unapata kipande.

Tuseme sauti yako huchora umbo mara 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja utachukua milisekunde 20, na kama kioo kina migawanyo 10 ya mlalo, weka milisekunde 2 kwa kila mgawanyo. Watu wengi hukisahau kitufe hicho cha muda kwa mgawanyo wanapoingia katika hali ya XY kwa kuwa mlalo hauonyeshi tena muda, ilhali katika osiloskopu nyingi za dijitali ndicho kinachoendelea kuamua ni kiasi gani cha sauti kinaswe. Kumbukumbu kubwa nayo haikusaidii hapa. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde ina nukta 960 tu ndani ya milisekunde 20, hivyo kumbukumbu ya nukta 10,000 inatosha kabisa, na kuiongeza zaidi mara nyingi hupunguza kasi ya kifaa kuonyesha picha mpya.

Kabla ya kulaumu faili, jaribu duara: wimbi la sine (wimbi laini linalopanda na kushuka kwa mpangilio) kushoto, na wimbi lile lile kulia likiwa limetangulia kwa robo ya mzunguko. Duara likiwa bapa, huenda volti kwa mgawanyo hazilingani katika chaneli zote mbili. Likiwa limelala kwa mshazari, mawimbi hayajaachana kwa robo kamili. Maumbo ya namna hii ndiyo aliyoyachunguza Mfaransa Jules Antoine Lissajous katika karne ya 19, na hadi leo sijui kipimo kilicho rahisi kuliko hiki.

Linabaki suala la mwanga, ambalo kwangu ndilo pengo la kweli. Mkondo wa elektroni ukienda polepole huacha mstari mkali, na ukiruka kwa kasi huacha alama hafifu, jambo ambalo watunzi hulitumia kuficha miruko kati ya sehemu za picha. Osiloskopu ya dijitali isiyopambanua viwango vya mwanga huionyesha miruko hiyo kwa ukali ule ule wa picha yenyewe. Chagua onyesho la nukta badala ya mistari: kwa kuwa sampuli huchukuliwa kwa vipindi sawa, mruko wa haraka utaacha nukta chache zilizotawanyika, na sehemu za polepole zitajaa. Kuza pia umbo hadi likaribie kujaza kioo, kwani osiloskopu nyingi hugawa kimo chote katika ngazi 256, na picha inayochukua robo ya kimo hupata ngazi 64 tu.

SWALI: Picha yangu inaelea huku na huku na pembe zake zimepinda. Je, nichukue sauti kutoka kwenye vituo vya spika vya amplifaya, ambako ina nguvu zaidi?

JIBU: Hapana, tafadhali. Katika amplifaya nyingi vituo vyote viwili vya spika hubeba mawimbi, ilhali nyaya za ardhi za chaneli za osiloskopu kwa kawaida zimeungana ndani, na katika vifaa vya mezani zimefika hadi kwenye ardhi ya umeme wa ukutani. Ukiziunganisha hapo unaweza kusababisha shoti na kuiunguza amplifaya. Tundu la vipokea sauti vya masikioni linatosha.

Kuelea husababishwa mara nyingi na kapasita zilizo kwenye njia ya kutolea sauti, ambazo huzuia volti isiyobadilika, kwa hiyo picha isiyokaa sawia kuzunguka kitovu huvutwa kurudi katikati. Weka viingilio vya osiloskopu kwenye DC, hali inayopitisha pia volti isiyobadilika, ili usiongeze kizuizi kingine. Pembe huharibika zaidi kwa MP3, ambayo huondoa sehemu za sauti ambazo sikio halizihitaji lakini mchoro unazihitaji. Tumia WAV au FLAC, aina za faili zisizoondoa sehemu za sauti, ukiwa umezima marekebisho yote ya besi na mwangwi katika kompyuta.