Maswali ya Wasomaji: Sun Ce wa Mto Yangtze

Swali: Mwanangu ana mchezo wa kompyuta wa vita vya Wachina wa kale. Mna kijana humo, Sun Ce, anateka miji chapuchapu kisha anakufa ghafla. Alikuwepo kweli? Na kijana wa miaka ishirini aliyapata wapi majeshi? (Mama, Kisauni)

Jibu: Alikuwepo, mama. Alizaliwa mwaka 175, akafa mwaka 200, zama ambazo dola ya Han ilibaki jina tu na kila mwenye askari alijimegea kipande. Baba yake, Sun Jian, aliuawa vitani karibu na Xiangyang, na jeshi lake likaangukia kwa Yuan Shu, mmoja wa hao wababe wa vita. Kijana alipokwenda kudai haki yake, alirudishiwa watu elfu moja hivi.

Akaomba ruhusa avuke Yangtze kumsaidia vitani mjomba wake, Wu Jing. Alitoka na askari elfu na ushei na farasi makumi kadhaa. Kufika Liyang, ukingoni, walikuwa elfu tano au sita, na rafiki yake Zhou Yu akaja na askari wake. Tatizo likawa vyombo: mashua hazikutosha. Shangazi yake ndiye aliyetoa rai. Kukaa kungoja mashua ni kumpa adui muda wa kuleta jeshi la majini, basi wakate matete, wayafunge vyelezo, visaidiane na mashua zilizopo. Wakavuka hivyo. Hebu fikiria Likoni alfajiri, feri hazitoshi, na ng'ambo unangojwa kwa mishale.

Ng'ambo, watu walikimbia kwa kusikia tu jina lake. Lakini askari wake walikatazwa kugusa kuku, mbwa wala mboga ya mtu, na wenyeji wakaanza kuwaletea nyama na pombe. Kisha akatoa tangazo: askari wa adui akijisalimisha haulizwi kitu, anayetaka kujiunga, nyumba yake husamehewa kodi, asiyetaka halazimishwi. Yasemekana katika siku kumi alipata watu zaidi ya 20,000 na farasi zaidi ya 1,000. Kwa maoni yetu, tangazo hilo lilimfaa kuliko upanga wake.

Mwaka 196 alikwama Guling, mbele ya Wang Lang, gavana wa Kuaiji. Kila akijaribu kuvuka mto anarudishwa. Baba yake mdogo, Sun Jing, akamwonyesha njia ya pembeni. Sun Ce akaagiza mitungi mamia kadhaa, akieneza habari kwamba maji ni machafu, askari wanaumwa matumbo, yabidi yatuame kwanza. Kiza kilipoingia, ikawashwa mioto tele. Adui akaona kambi imelala pale pale, kumbe jeshi liko njiani, nalo likamtokea kwa nyuma.

Swali: Nimesikia Sun Ce alikufa kwa laana ya mganga ambaye yeye mwenyewe alimuua. (Msomaji, Likoni)

Jibu: Huyo ni Yu Ji. Kisa chake hakimo katika historia ya Chen Shou wa karne ya 3. Kimo katika simulizi zilizoongezwa humo baadaye, nazo zinapingana zenyewe kwa zenyewe.

Kilichomuua ni kisasi. Alikuwa amemuua Xu Gong, aliyekuwa gavana wa Wu, na watu wa marehemu wakajificha wakimvizia. Sun Ce alipenda kuwinda, na farasi wake aliwaacha walinzi mbali. Simulizi moja yasema aliwakuta watatu, wakadai ni askari wa kamanda wake Han Dang. Akajibu kwamba askari wa Han Dang anawajua wote. Akampiga mmoja mshale. Wawili waliobaki wakampata shavuni. Walinzi walipofika, shavu limekwisha kutobolewa. Yu Fan, mshauri wake, alikuwa amemwonya kuhusu kutokatoka ovyo.

Swali: Mbona hakurithiwa na mwanawe? (Huyo huyo)

Jibu: Mtoto alikuwa mchanga. Kabla ya kukata roho, Sun Ce alimkabidhi madaraka mdogo wake Sun Quan, wa miaka kumi na minane hivi. Sun Quan akawa analia tu, hadi mzee Zhang Zhao akambadilisha nguo na kumpandisha farasi, akakague jeshi. Mwaka 229 alijitangaza mfalme mkuu, akampa marehemu baba yake cheo hicho hicho, lakini kaka aliyeiteka nchi akapewa cheo cha mwanamfalme wa Changsha tu. Chen Shou aliona huo ni uchoyo, nasi tuko naye.