Maswali ya Wasomaji: Dubu wa Udongo Anayedondoka Miguu

SWALI: Ndugu mhariri, binti yangu wa miaka minane amejifunza shuleni habari za Inuit, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, na dubu wanaowachonga kwa mawe. Tangu siku hiyo anafinyanga dubu wa udongo, lakini kila wakikauka, miguu na kichwa hudondoka. Tunakosea wapi? – Mzazi, Tanga.

JIBU: Kosa halimo katika udongo bali katika namna ya kuanza. Bila shaka binti yako hutengeneza kiwiliwili kwanza, kisha hubandika miguu na kichwa. Vipande hivyo havikauki kwa pamoja, na vinaposinyaa huachana pale vilipoungwa. Mchongaji wa Kinngait, mji mdogo wa Nunavut, eneo la Inuit kaskazini ya Kanada, uliojulikana kama Cape Dorset hadi mwaka 2020, huanza na jiwe zima, mara nyingi la aina iitwayo sapentini, akaondoa kisichotakiwa. Ndiyo maana dubu wengi wa huko ni wanene, wenye miguu mifupi na shingo iliyozama mabegani, kwa kuwa sehemu nyembamba ya jiwe huvunjika upesi. Wachongaji wetu wa mawe wa Tabaka, kule Kisii, Kenya, wanalijua hilo vizuri.

Basi mpe mtoto donge moja kubwa kama ngumi mbili, alikande vizuri litoke hewa, kisha alibonyeze taratibu mpaka mgongo wa dubu uonekane. Lifunikeni kwa mfuko wa plastiki usiobana, lilale usiku mmoja au miwili, hadi lisibonyee kwa kidole lakini likwaruzike kwa ukucha. Hapo ndipo achonge kwa kijiko cha chai, akiitenganisha miguu kwa mifereji tu, bila kutoboa hadi upande wa pili. Amalizie kwa kusugua kwa mgongo wa kijiko. Udongo utang'aa karibu kama jiwe lililopigwa msasa. Msasa wenyewe msiutumie, maana vumbi la udongo mkavu hudhuru mapafu. Sponji yenye unyevu inatosha. Dubu akauke kivulini kwa siku kadhaa, kwani jua kali litampasua.

Mwambie pia kwamba Inuit ni jina la watu wengi. Mmoja wao huitwa Inuk.

Na akiteleza akakata mguu, asiubandike. Aendelee kupunguza mpaka apate sili, mnyama wa bahari ya huko kaskazini asiye na miguu ya kudondoka.