Uzamili wa Usanifu wa Mafunzo kwa Njia ya Mtandao: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja cha afya jijini Dodoma na nina shahada ya kwanza ya elimu. Tangu chuo chetu kianze kuweka masomo mtandaoni nimekuwa nikiandaa moduli za wanafunzi na za wauguzi walio kazini, na kazi hiyo nimeipenda kuliko kusimama darasani. Ninakusudia kusoma shahada ya uzamili ya usanifu wa mafunzo kwa njia ya mtandao bila kuacha kazi. Nimepitia tovuti za vyuo vya Marekani, Uingereza na Kanada, na kila kimoja kinajisifu. Vingine vinaahidi kwamba nitamaliza kwa mwaka mmoja, bila tasnifu. Nichague kwa kuangalia nini, na je, shahada hiyo itatambuliwa hapa nchini?
Mkufunzi, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu Mkufunzi, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa shahada isiyotambuliwa itakupotezea fedha na miaka hata kama masomo yake yalikuwa mazuri. Mwenye mamlaka ya kutathmini na kutambua tuzo za vyuo vikuu vya nje ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na jambo la msingi katika tathmini hiyo ni kama chuo kilichotoa tuzo kinatambuliwa na mamlaka za nchi yake. Kwa hiyo usitosheke na maneno ya chuo chenyewe kwamba kina ithibati. Kwa chuo cha Marekani, tafuta jina la chombo kilichokipa ithibati hiyo, kisha uhakikishe kwamba chombo hicho nacho kinatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani au na baraza liitwalo CHEA. Wote wawili wana orodha zinazosomwa mtandaoni bila malipo, na hatua hiyo ya pili ni ya lazima kwa sababu wapo wauza vyeti ambao wamejiundia hata vyombo vyao vya ithibati. Kwa Uingereza, angalia orodha ya serikali ya vyuo vyenye mamlaka ya kisheria ya kutunuku shahada. Ukisharidhika, wapelekee TCU jina la chuo, jina la programu na maelezo kwamba itasomwa kwa mtandao, uwaombe ushauri kwa maandishi kabla hujalipa hata ada ya maombi, na barua watakayokujibu uitunze pamoja na vyeti vyako.

Fani hii ya kupanga na kuandaa mafunzo haina jina moja duniani, na hilo huwachanganya wengi wanapotafuta. Indiana University wanaiita teknolojia ya mifumo ya mafunzo, Purdue University wanaiita usanifu wa ujifunzaji na teknolojia, na Athabasca University ya Kanada, iliyojijengea jina katika elimu ya masafa, ina uzamili wa elimu huria, ya kidijitali na ya masafa. Usikate shauri kwa jina, bali soma orodha ya kozi. Hata hivyo, kama unategemea shahada hii kukupandisha cheo au kukuhamishia kada nyingine, muulize ofisa utumishi wa chuo chako jinsi muundo wa utumishi utakavyolisoma jina litakaloandikwa kwenye cheti, maana yeye ataangalia maneno yaliyo kwenye karatasi na hatakuwa na nafasi ya kupima ulichojifunza.

Sasa niingie katika masomo yenyewe, ambako naona waombaji wengi hupita haraka mno. Kiini cha fani hii ni kuchunguza tatizo kabla ya kuandaa somo. Mfuatano maarufu wa kuchambua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza na kutathmini, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, ADDIE, ulitokana na kazi iliyofanywa Florida State University mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na hatua yake ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Chukua mfano ulio karibu nawe. Zahanati inalalamikiwa kwamba watumishi wake hawaingizi taarifa za wagonjwa ipasavyo katika GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya vya serikali, na mkuu wako anakuagiza uandae moduli ya kuwafundisha. Msanifu aliyefunzwa vizuri ataenda kwanza kuona kazi inavyofanyika, na huenda akakuta kwamba watumishi wanaujua mfumo, ila kompyuta ni moja na foleni ni ndefu. Hapo hakuna moduli itakayosaidia, na kusema hivyo mbele ya mkuu aliyekwisha kutenga fedha za mafunzo kunahitaji hoja na ushahidi. Programu unayoifikiria iwe na kozi nzima ya uchambuzi wa aina hii, na mwanafunzi atakiwe kuufanya katika taasisi halisi.

Upande wa pili wa mfuatano huo ni tathmini, nayo hupuuzwa vilevile. Mtaalamu wa Marekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza ngazi zake nne za kutathmini mafunzo mwaka 1959: washiriki waliyapokeaje mafunzo, walijifunza nini, walibadili nini kazini, na taasisi ilipata matokeo gani. Semina nyingi za hapa kwetu huishia ngazi ya kwanza, kwenye ile fomu inayojazwa watu wakiwa wameshafunga mabegi. Uliza kama wanafunzi wa programu hiyo hufika ngazi ya tatu, yaani kumfuata mshiriki kazini miezi kadhaa baadaye. Kwa muuguzi anayehudumia wagonjwa, hiyo ndiyo ngazi inayohusu uhai wa watu.

Ukiona programu ambayo nusu ya kozi zake ni majina ya programu za kompyuta, ningekushauri uiache. Articulate Storyline na Adobe Captivate ni zana nzuri za kutengenezea moduli, lakini zana hubadilika, leseni zake hulipiwa kwa dola, na matumizi yake hujifunzwa kwa video na mazoezi bila shahada. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, na H5P, zana ya kutengenezea mazoezi ya mtandaoni, hazina gharama ya leseni, na kwa chuo chenye bajeti ndogo ndizo utakazozitumia zaidi. Nadharia za mwanasaikolojia wa elimu Robert Gagné kuhusu masharti ya kujifunza, zilizochapishwa mwaka 1965, zingali zinatumika ingawa zana za wakati huo zimekwisha kusahauliwa.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote: chuo kinachofundisha usanifu wa mafunzo kinapaswa kuonyesha ustadi huo katika kozi zake chenyewe. Omba kuingia kama mgeni katika kozi moja, au uonyeshwe wiki moja ya masomo. Kama utakachokuta ni faili la kurasa themanini na video ya mhadhara wa saa mbili, bila zoezi wala maoni ya mwalimu, basi umeshapata jibu, hata kama chuo kina jina kubwa. Omba pia kuona mikoba ya kazi ya wahitimu, yaani mikusanyo ya kazi walizosanifu. Mwajiri wa fani hii, liwe shirika la afya, benki au taasisi ya umma, atataka kuona moduli uliyoisanifu na maelezo ya kwa nini uliisanifu hivyo. Waandikie wahitimu wawili watatu uwaulize jambo moja tu: mwalimu alirudisha kazi zao baada ya siku ngapi, na aliandika nini juu yake. Maoni ya mwalimu ndiyo hasa unayoyalipia, kwa sababu maandishi ya fani hii unaweza kuyapata mwenyewe.

Kuhusu ahadi ya mwaka mmoja, hesabu saa. Uzamili wa Uingereza una kredi 180, na kila kredi huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo jumla ni saa 1,800. Ukizigawa kwa majuma 52 unapata karibu saa 35 kwa juma, ambayo ni ajira ya pili juu ya ile uliyo nayo. Ukizisambaza kwa miaka mitatu zinashuka hadi saa 12 hivi kwa juma, kiasi ambacho mtu mwenye kazi na familia anaweza kukimudu kwa nidhamu. Marekani huhesabu tofauti: shahada nyingi za fani hii zina kredi 30 hadi 36, na kozi moja ya kredi tatu katika muhula wa majuma 15 hudai takriban saa tisa kwa juma. Uliza vilevile kama kuna vipindi vya moja kwa moja. Kipindi cha saa 12 jioni kwa saa za New York kitakukuta Dodoma saa 7 usiku wakati wa kiangazi chao, na saa 8 usiku wakati wa baridi. Kwa mtu anayeingia kazini asubuhi, ningechagua programu ambayo mijadala yake hufanyika kwa maandishi.

Tasnifu inategemea unakotaka kwenda. Kama lengo lako ni kuandaa mafunzo, mradi wa kuhitimu uliofanywa kwa ajili ya taasisi halisi utakufaa zaidi. Kama unafikiria uhadhiri au shahada ya uzamivu, chagua njia yenye tasnifu, na ukumbuke kwamba vyuo vikuu vyetu huangalia alama za shahada zote mbili wanapoajiri wahadhiri.

Ada uipigie hesabu kwa kredi. Chuo kinachotoza, tuseme, dola 500 kwa kredi, kwa kredi 36 kitakutoza dola 18,000, kabla ya ada ya teknolojia, makato ya benki na kupanda kwa dola. Kabla ya kukopa, tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, unaotolewa na tume yake ya ufadhili iliyoko Uingereza kwa wananchi wa nchi zinazoendelea za Jumuiya hiyo, Tanzania ikiwamo. Angalia kwanza kama programu unayoitaka imo katika orodha yao ya mwaka husika. Na usivipite vyuo vya nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kazi yake tangu mwanzo ni elimu ya masafa, kina kituo Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina uzamili wa elimu. Uzamili wa elimu uliosomwa hapa kwa shilingi, ukiwa na utafiti unaohusu hizo moduli zako za wauguzi na msimamizi anayekubali mada hiyo, mimi nauthamini kuliko shahada ya mbali iliyokuachia deni na isiyokuachia kazi yoyote ya kuonyesha.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mtandao wa huku kwetu hukatika mara kwa mara. Je, nahitaji uzamili huu ili niweze kuandaa masomo ya mtandaoni?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Hapana, Mwalimu, kwa sasa huuhitaji. Shule yako ina vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Omba uandae kimoja, ukisanifu kuanzia tatizo ambalo walimu wenzako wamelitaja wenyewe, kisha baada ya mwezi uingie darasani mwao uone kilichobadilika. Mada mbili tatu za namna hiyo, ukizihifadhi pamoja na maelezo yake, zitakuwa mwanzo wa mkoba wako wa kazi na zitakuonyesha kama fani hii inakufaa. Siku ukiamua kusoma, tafuta chuo kinachoruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao, na ukiulize kwa maandishi kinamtendeaje mwanafunzi ambaye umeme au mtandao umemkatikia saa ya mwisho ya kuwasilisha kazi.

SWALI: Nikisoma usiku kwa fedha zangu, kuna haja ya kumtaarifu mwajiri?
Mtumishi wa umma, Mtumba

JIBU: Ndiyo, Ndugu yangu. Mwandikie mwajiri wako barua mapema, uombe kibali na uombe masomo yako yaingizwe katika mpango wa mafunzo wa taasisi, hata kama hutaomba senti moja wala siku ya ruhusa. Mtumishi aliyesoma kimyakimya hupata taabu siku anapopeleka cheti ili kiingizwe katika kumbukumbu zake. Ambatisha barua ya udahili na ratiba ya masomo, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.