Barua kwa mwanangu: ngazi ya Guigo

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini unasoma sura tatu za Injili kila usiku na asubuhi hukumbuki hata moja, na kama wamonaki wa zamani walikuwa na njia nyingine. Walikuwa nayo, na ilitujia kwa barua. Katika karne ya kumi na mbili, Guigo wa Pili, aliyekuwa priori, yaani mkuu, wa Grande Chartreuse, monasteri mama ya shirika la wamonaki Wakartusi kwenye milima ya Ufaransa, alimwandikia ndugu Gervasi juu ya ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli, yaani kutulia tu mbele ya Mungu. Nakala nyingi zilizunguka kwa jina la Mtakatifu Bernardo au Mtakatifu Augustino, kwa hiyo ukiikuta hivyo usishangae.

Kosa lako la kwanza ni wingi. Guigo anachukua mstari mmoja, Mathayo 5:8: "Heri wenye moyo safi, maana hao watamwona Mungu." Maneno manane tu, naye anayatafuna kama zabibu. Hakimbilii kuuliza yanamhusu vipi. Anatazama kwanza kilichosemwa: ni moyo, hakikutajwa kiwiliwili. Kisha anaita mashahidi: Zaburi 24 juu ya mikono safi, Daudi akiomba aumbiwe moyo safi katika Zaburi 51, Ayubu aliyefanya agano na macho yake. Ndipo anapogeukia nusu ya pili, huko kumwona Mungu, na anakaa hapo.

Wamonaki walizoea kuimba Zaburi zote 150 kwa wiki, hivyo mashahidi hao walikuja wenyewe. Wewe tumia marejeo yaliyo pembeni mwa ukurasa wa Biblia yako. Fuata mawili au matatu, basi. Ukifuata kumi umerudi kwenye mbio zako. Na soma kwa sauti, hata ya kunong'ona, kama walivyosoma wao. Jicho huruka neno ambalo ulimi hauwezi kuliruka.

Wasomi wengi hukwama kwenye kidato cha pili cha ngazi, kutafakari. Guigo anasema wazi kwamba kusoma na kutafakari hata wapagani waliweza. Kazi ya tafakari ni kukuonyesha kitu usichoweza kujipatia, na hapo huna budi kuomba. Yeye anaomba kwa maneno ya yule mama Mkanaani aliyemsihi Yesu: hata mbwa hula makombo. Ukiona tafakari yako inazidi kuwa na akili na huombi chochote, funga kitabu uombe.

Taamuli haitengenezwi. Kwa Guigo, Mungu huikatiza sala katikati, bila kungoja iishe, kisha hujificha tena, tusije tukadhani ni mali yetu ya asili. Kwa hiyo vile vijikaratasi vinavyogawa dakika tano kwa kila kidato sivipendi. Guigo hakupima kwa saa.

Ukitaka kujua umeharibikiwa wapi, kipimo chake ni hiki: kusoma bila kutafakari hukauka, ndiyo hali yako, kutafakari bila kusoma hupotea njia, kusali bila kutafakari ni vuguvugu, kutafakari bila kusali hakuzai.

Anataja pia mambo manne yanayotushusha. Dharura isiyokwepeka ina udhuru, kwa hiyo mtoto akilia, shuka upesi wala usijilaumu. Kazi njema inavumilika. Udhaifu wa mwili unastahili huruma, ukisinzia, lala. La nne, upuuzi wa dunia, ndilo lenye lawama, na simu yako unajua inalala wapi.

Anza na mstari huohuo wa Mathayo, uukalie wiki nzima kabla ya kuhamia mwingine. Ukishuka, huhitaji kuanza upya kutoka chini: Guigo anaruhusu kupumzika kwenye kidato chochote kati ya vitatu vya kwanza, leo hiki, kesho kile, kadiri hali itakavyokuwa.

Mama yako